Kilindi Nacho ni Nchi Yetu

Msikilizaji, nazungumza nawe kutoka Kimandolu, Arusha, kando ya barabara iendayo Moshi, na leo nimekuja na habari za bahari. Najua kuna atakayeuliza Arusha na bahari wapi na wapi, maana kutoka hapa mpaka Tanga ni safari ya zaidi ya kilometa 400, na hapa tulipo tuko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa hiyo bahari yenyewe. Lakini hebu fuata maji. Mvua inayonyesha kwenye miteremko ya Meru inaingia Themi. Themi inakatiza jiji letu na kuishia Kikuletwa, Kikuletwa inamwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka bwawani Mto Pangani unayachukua mpaka Bahari ya Hindi. Anayetupa mfuko wa plastiki mtaroni huku kwetu ameshaigusa bahari, ajue asijue.

Katika bahari za joto duniani, Bahari ya Hindi ikiwemo, anaishi mnyama mmoja mdogo sana ambaye ndiye aliyenileta mbele yako leo. Ni wa jamii moja na ngisi, dome na pweza. Mwili wake, ukiacha mikono, una urefu wa sentimita nne hivi. Ana mikono minane mifupi, minyiri miwili mirefu kidogo, macho makubwa, na mapezi mawili madogo upande wa nyuma. Wanasayansi humwita Spirula spirula, nami nitamwita spirula tu. Katika ukoo wake amebaki peke yake. Ndugu zake wa karibu walikwisha kutoweka zamani, na leo tunawajua kwa mabaki yao yaliyogeuka mawe.

Kinachomtofautisha na wenzake wote walio hai ni kitu alichokibeba ndani ya nyama, upande wa nyuma wa mwili: ganda jeupe lililojikunja kama pembe ya kondoo dume. Konokono hubeba ganda lake nje. Dome analo bamba jeupe ndani ya mwili, lile ambalo wafugaji wa ndege hulining'iniza tunduni ili ndege wadonoe chokaa. Ngisi amebakiwa na kijiti chembamba kinachopitisha mwanga, na pweza hana ganda kabisa, ndiyo maana anaweza kujipenyeza kwenye tundu dogo la mwamba. Spirula amebaki na ganda kamili, lililojikunja na lenye vyumba, na amelificha ndani.

Ganda hilo nililishika hapa hapa mtaani. Mtoto wa jirani yangu alikwenda likizo kwa mjomba wake Pangani, akarudi na mfuko wa vitu alivyookota ufukweni. Alikuja nao jioni akiwa bado na vumbi la safari.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba. Haya, bahari imekupa nini?”

Akamwaga vyote kwenye meza ya barazani. Kulikuwa na kauri mbili, vipande vya matumbawe, kombe zilizopauka kwa jua, na katikati yake kitu cheupe, chepesi mno, chenye upana wa sentimita mbili tu na ushei. Mizunguko yake haigusani. Ukikiinua juu unaona mwanga ukipita katikati ya mzunguko mmoja na mwingine, jambo ambalo huwezi kuliona kwenye ganda la konokono. Kwa nje ganda limekatwakatwa na mistari membamba iliyozama, kila mstari ukionyesha mahali chumba kimoja kinapokoma na kingine kinapoanzia. Mdomoni mwake hakuna shimo wazi kama la konokono. Pana ukuta mdogo wenye kung'aa, umebonyea ndani, na pembeni mwa ukuta huo, upande wa ndani wa mkunjo, pana kitundu ambacho hata sindano ya kushonea ingekipita kwa shida.

Mtoto alidhani ni konokono. Nikamwambia alete bakuli la maji. Kauri zilizama, kombe zilizama, matumbawe yalizama. Lile ganda jeupe likaelea, na hata alipolisukuma chini kwa kidole likaruka juu tena. Kwa ruhusa yake tukalisugua ubavu mmoja taratibu juu ya jiwe mpaka vyumba vikafunguka, akaanza kuhesabu kutoka mdomoni kuelekea kitovuni. Alivuka ishirini, kisha vyumba vikawa vidogo mno kwa jicho. Ganda la spirula aliyekomaa huwa na vyumba thelathini hivi.

Vyumba hivyo vina kazi, na kazi yenyewe inastahili tuielewe vizuri. Nyama ni nzito kuliko maji. Mnyama wa baharini asiye na cha kumwelesha hana budi kuogelea muda wote au kulala chini. Samaki wengi wametatua shida hii kwa kibofu cha hewa. Lakini kibofu ni laini, na ndani ya bahari, kila unaposhuka mita 10, maji yanakukandamiza kwa uzito wa kilo moja zaidi katika kila sentimita ya mraba. Ukifika mita 800 unabeba kilo 80 katika kila sentimita ya mwili wako. Kibofu kinasinyaa kwa shinikizo hilo, na samaki akipandishwa ghafla kinavimba mpaka kinasukuma mfuko wa chakula nje ya mdomo. Wavuvi wa mshipi wa kina kirefu wanaijua sana hali hiyo.

Spirula anatumia ganda gumu ambalo halisinyai wala halivimbi. Kila anapokua hujenga chumba kipya mbele ya vile vya zamani, na chumba hicho huanza kikiwa kimejaa maji. Kupitia kile kitundu nilichokitaja unapita mrija wa nyama unaounganisha vyumba vyote. Mrija huo hufyonza chumvi kutoka katika maji ya chumba, na maji huifuata chumvi kutoka nje. Hewa inaingia yenyewe polepole na kuchukua nafasi iliyoachwa. Mgandamizo wa hewa hiyo ni mdogo kuliko wa hewa hii tunayovuta, kwa hiyo kinachozuia bahari isimponde ni uimara wa kuta za ganda peke yake, kuta nyembamba ambazo mtoto wa shule anaweza kuzisugua zikafunguka. Ni kazi ya ustadi mkubwa, na mwenye kuifanya ana urefu wa sentimita nne.

Mchana spirula hukaa chini, kati ya mita 500 na 1,000 hivi, mahali ambapo mwanga wa jua umekwisha au unakaribia kwisha. Usiku hupanda mpaka mita 300 au hata 100, kisha alfajiri anarudi kilindini. Anakula viumbe vidogo vya majini na mabaki yanayodondoka kutoka juu. Inakadiriwa kwamba maisha yake yote ni mwaka mmoja na nusu au zaidi kidogo. Akifa, nyama inaoza, ganda linachomoka na kupanda juu kwa ile hewa iliyomo. Hapo linakuwa mali ya upepo na mikondo. Linaweza kuelea muda mrefu, viumbe vidogo vya baharini vikajishikiza juu yake, kusi ikalisukuma, kaskazi ikalirudisha, mpaka siku likatupwa ufukweni mbali kabisa na mahali mwenyewe alipoishi. Ndiyo maana ganda lake ni la kawaida katika fukwe nyingi za bahari za joto, ilhali mnyama mwenyewe karibu hakuna mvuvi aliyemwona.

Na hapa ndipo penye jambo lililonifanya niombe muda huu wa redio.

Carl Linnaeus wa Sweden, yule aliyepanga majina ya viumbe, aliliingiza ganda hili katika kitabu chake mwaka 1758. Kwa hiyo sayansi imelijua kwa zaidi ya miaka 260. Mwenye ganda alikuwa habari nyingine. Meli ya Uingereza iitwayo Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya mwaka 1872 na 1876 kwa ajili ya utafiti, ilimpata mmoja tu. Ilipofika miaka ya 1920, Johannes Schmidt wa Denmark alikuwa akizunguka Atlantiki kwa meli iitwayo Dana akitafuta mazalio ya mikunga, na nyavu zake za kilindini zikanasa spirula kwa makumi. Baadhi walifika juu wakiwa hai. Aliwatia katika chombo cha maji akawatazama, na wote walielea kichwa kikiwa chini na mkia juu.

Ilionekana ni sawa kabisa. Ganda lenye hewa liko mkiani, kwa hiyo mkia unaelea juu na kichwa kinaning'inia. Vitabu vikaandika hivyo, michoro ikachorwa hivyo, walimu wakafundisha hivyo kwa karibu miaka mia moja. Lilibaki jambo moja tu lililowasumbua wenye kufikiri. Kwenye ncha ya mkia, kati ya yale mapezi mawili, spirula ana taa, kiungo kinachotoa mwanga wa kijani-kijani na kinachoweza kuwaka kwa saa kadhaa. Viumbe wengi wa kilindini wenye taa huzielekeza chini, ili adui aliye chini yao akitazama juu asione kivuli chao. Kama spirula anaishi kichwa chini, basi taa yake inamulika juu, ambako haimfichi na mtu yeyote. Watu waliliona tatizo hilo, wakalitafutia maelezo, na mchoro ukabaki ulivyo.

Mwezi Oktoba 2020, watafiti waliokuwa katika meli Falkor ya taasisi ya Schmidt Ocean Institute walishusha roboti yao, SuBastian, katika maji ya kaskazini mwa Matumbawe Makuu ya Australia. Kwenye kina cha takriban mita 850, kamera ikamkuta spirula. Ilikuwa mara ya kwanza kwa binadamu kumwona mnyama huyu akiwa hai mahali anapoishi. Alikuwa amesimama wima majini, kichwa juu, mikono juu, mkia chini. Taa ikielekea chini, kama inavyopaswa.

Ninaiheshimu sana kazi ya Johannes Schmidt. Alitazama kwa makini na akaandika alichokiona. Lakini alichokiona kilikuwa viumbe waliochoka, waliotolewa kwenye giza, baridi na shinikizo, wakatiwa ndooni juu ya meli. Hali ya mgonjwa iliandikwa kama desturi ya mzima, na ilichukua karibu karne moja kurekebisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa amefika kumtazama kwake.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ina ukanda wa pwani wa zaidi ya kilometa 1,400, na haki zake za kiuchumi baharini zinafika maili 200 za baharini kutoka ufukweni, sawa na kilometa 370. Ukiondoa maeneo ya kuzunguka Unguja na Mafia, maji yetu ya kina kifupi ni ukanda mwembamba, kilometa chache tu, kisha sakafu inaporomoka. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wenye kina cha mita 800 hivi. Kina hicho ndicho kina cha spirula wakati wa mchana, na kipo kati ya Tanga na Wete, mahali ambapo majahazi yamepita kwa karne nyingi.

Kwamba kilindi chetu kina wakazi wa ajabu, wavuvi wetu walishathibitisha. Samaki aitwaye silikanti, aliyedhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa na wavuvi wa Tanzania mwaka 2003 upande wa Kilwa, na baada ya hapo Tanga wakapatikana wengi, wakinasa katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina kirefu. Matokeo yake mwaka 2009 ilitangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hatua ile ilikuwa nzuri na ninaisifu. Lakini angalia mwendo wake: samaki alikuja kwetu akiwa amekufa wavuni, kama ganda la spirula linavyokuja ufukweni. Sisi hatukuanza kwa kwenda kwake.

Kuna tulipokwenda, kwa shabaha nyingine. Mwaka 2010, katika bahari ya kusini upande wa Mtwara na Lindi, kilipatikana kisima cha kwanza cha gesi asilia katika maji yetu ya kina kirefu. Sakafu ya bahari mahali pale iko zaidi ya mita 1,000 chini, na kisima kile kilipewa jina la Pweza. Baadaye vikaja Chewa na Chaza, kisha Zafarani, ambako maji yana kina cha mita 2,500 na zaidi. Kwa hiyo uwezo wa kufika kilindini umeshaletwa katika bahari ya Tanzania. Mitambo imeteremshwa, kamera zimeteremshwa, mwamba umetobolewa. Tumejua kiasi cha gesi kilichoko chini ya sakafu kabla ya kuwajua viumbe wanaoelea juu yake. Tumekiita kisima jina la pweza, na hatujampa mtoto wa Kitanzania picha hata moja ya jamaa za pweza wanaoishi mahali pale.

Siipingi gesi. Ile ya Songosongo inazalisha umeme tangu mwaka 2004, na umeme huo unafika mpaka hapa Kimandolu ninapowasha taa. Ninachodai ni kwamba kampuni inayoruhusiwa kushusha kamera katika kilindi chetu itakiwe kuacha nakala ya picha zote katika taasisi zetu, na kuwachukua wanasayansi wetu wakae mbele ya kioo wakati kamera inashuka. Meli ya utafiti Dr Fridtjof Nansen, inayofanya kazi kwa ushirikiano wa Norway na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipima maji yetu mwaka 2018 ikiwa na watafiti wa Kitanzania ndani yake. Basi jambo linawezekana. Tunahitaji lifanyike mara kwa mara, na kwa utaratibu tulioupanga wenyewe.

Wapo wanaosema huu ni udadisi wa matajiri. Mimi nasema hapana. Huku kaskazini tumejengewa uchumi mzima juu ya kuwajua wanyama wakiwa hai. Magari yanayopita Kimandolu kila alfajiri yakielekea mbugani yanabeba wageni kwa sababu watu walikaa miaka na miaka Serengeti wakiwafuata nyumbu, simba na fisi, wakaandika wanavyoishi. Tungewajua nyumbu kwa pembe zao zilizookotwa peke yake, tusingejua kwamba wanahama, na tusingejua kwamba mahali fulani wakiwekewa uzio wanakufa. Bahari nayo ina njia zake za kuhama. Spirula na viumbe wengine wasiohesabika hupanda na kushuka mamia ya mita kila usiku, na jodari tunaowauzia leseni wageni kuwavua wanategemea mwendo huo kwa chakula. Ipo Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, makao yake Zanzibar, inayotoa leseni hizo. Leseni nzuri inahitaji kujua kinachoendelea chini ya wavu.

Nikuongezee jambo moja kuhusu umri wa habari hizi. Kule Lindi, katika kilima cha Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, kazi iliyofanywa kwa mikono na mabega ya mamia ya Watanganyika, na mifupa ile ipo Berlin mpaka leo. Watu wakiitaja Tendaguru hutaja lile jitu lenye shingo ndefu. Lakini katikati ya tabaka zenye mifupa pana tabaka za bahari, na ndani yake mna maganda ya jamaa za ngisi wa kale, baadhi yamejikunja, baadhi yamenyooka, yote yakiwa na vyumba na mrija, kwa mpango uleule ambao yule mtoto aliufungua kwa kusugua jiweni. Yana umri wa miaka milioni 150 hivi. Mpango huo wa mwili ulikuwepo katika ardhi ya Tanzania kabla Meru haijawa mlima.

Na maganda ya bahari kupanda huku bara si jambo geni. Kauri zimepamba vibuyu vya maziwa vya Wamasai tangu zamani, na wanawake waliozishona hawakuhitaji kuuona mwambao ili watambue thamani yake. Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Boma, hapa Arusha, yangefaa kuwa na ganda la spirula, dogo hivyo hivyo, liwekwe karibu na historia ya mwanadamu tunayoionyesha wageni kwa fahari.

Basi msikilizaji, nina maombi kwako. Ukishuka pwani, Tanga, Pangani, Bagamoyo, Kilwa au visiwani, tembea kwenye mstari wa takataka ambao maji kujaa huuacha mchangani. Tafuta kitu cheupe, chepesi, chenye mizunguko isiyogusana. Ukikipata kichukue, maana mwenyewe alikwisha kufa zamani, lakini andika mahali na tarehe, uwapelekee Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, au Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI. Kauri na kombe zenye mnyama hai ndani ziache zilipo. Walimu wa sayansi wa Kimandolu, Ngulelo na Kijenge, ombeni ganda moja kwa wenzenu wa pwani na mlifungue mbele ya darasa. Na wewe mzazi, binti au kijana wako akikuambia anataka kusomea bahari, usimuulize kwa nini asisomee kitu cha huku kwetu. Mlipie ada aende.